Treni Inayoweza Kusimama

Katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha sabuni, mume na mke waligombana kila jioni kwa sababu ya treni. Haukuwa ugomvi wa kuvunja vyombo. Ulikuwa ugomvi wa kunogesha chakula, na jirani wa ukuta mmoja aliwahi kukiri kwamba usiku ambao ugomvi huo hausikiki yeye hupata shida kulala.

Mume aliendesha treni nzito, ile ndefu ya mabehewa mengi inayopita kwenye njia yake yenyewe, juu ya nguzo za zege au nyuma ya uzio wa waya. Watu wa mji waliibandika jina la Nyati. Mke aliendesha treni nyepesi, fupi, inayotambaa katikati ya barabara pamoja na magari na baiskeli, inayosubiri taa nyekundu kama mtu mwingine yeyote na kugonga kengele kuomba njia. Kazini wote wawili walijulikana kwa vyombo vyao: yeye Mama Kengele, mumewe Baba Nyati.

"Safari moja tu ya kwangu," Baba Nyati alipenda kusema huku akijisogezea bakuli, "inabeba uwanja mzima wa mpira. Ya kwako inabeba nani? Watu wa harusi. Tena harusi ya watu wasiopendwa."

"Na hao wa uwanja wako wakishuka wanafika wapi?" mkewe alimjibu. "Wanafika kituoni. Kutoka hapo watembee juani mpaka visigino vichubuke. Mimi nawashusha mlangoni kwao. Kuna bibi anapanda na sufuria, akishuka bado inatoa mvuke."

"Ndiyo maana kobe akikuona anakupungia mkono wa kwaheri."

"Afadhali mimi kobe anapata nafasi ya kupunga. Wewe ukitaka kusimama leo, inabidi uwe umeanza kufikiria jana."

Baba Nyati alicheka mpaka akapaliwa, na mkewe akampiga mgongoni. Baadaye, mambo yalipokwisha haribika, Mama Kengele aliukumbuka utani ule akatamani ulimi wake ungekuwa umekatika kabla ya kuutamka.

Walikutana chuoni, wakisomea udereva. Kabla ya hapo Mama Kengele alikuwa mkata tiketi, amefungiwa ndani ya kibanda cha kioo, akiona mikono ya watu zaidi kuliko nyuso zao. Alipopata nafasi ya kusoma hakusita. Mwezi wa kwanza wanafunzi wote walifundishwa pamoja, kisha wakaulizwa kila mmoja anataka ipi. Yeye alichagua treni nyepesi kwa sababu alikuwa amechoka kutenganishwa na watu. Kijana mrefu aliyeketi dawati la nyuma yake alichagua nzito. Alipomwuliza kwa nini, kijana alisema, "Kule juu hakuna wa kukukatia njia. Ni wewe, reli na taa." Alimwona mtu mpweke, akamwonea huruma, na huruma, kama wasemavyo wenye uzoefu, ni mlango wa uani wa mapenzi.

Kazi zao zilifanana kwa sare tu. Dereva wa treni nzito hutazama taa zilizo mbele ya njia na kuzitii. Uzito anaousukuma ni mkubwa kiasi kwamba akivuta breki hapa, treni husimama kule, mbali, ambako macho hayajafika vizuri. Ndiyo sababu njia yake huzungushiwa uzio: kwa kuwa haiwezi kumkwepa mtu wala kumsubiri, watu ndio huondolewa. Dereva wa treni nyepesi hana uzio. Huendesha kwa macho. Anamtazama mwendesha baiskeli anayeyumba, mama anayevuta mtoto mkono, dereva wa gari anayejifanya hakusikia kengele. Chini ya treni yake kuna breki za sumaku ambazo, zikiamshwa, huiuma reli kama mbwa aliyeuma mfupa, na mchanga humwagwa mbele ya magurudumu yasiteleze. Anasimama pale pale.

Kila moja ina mahali pake katika mji. Penye watu wengi na safari ndefu, nyepesi huelemewa. Penye mitaa myembamba na vituo vya karibu, nzito haina nafasi. Hilo wote wawili walilijua vizuri, ila kulikubali kungewanyima la kubishania jioni.

Kisha ikaja siku ya mwanamke wa vitunguu.

Baba Nyati alirudi nyumbani mchana, kabla ya zamu yake kwisha. Mama Kengele alikuwa na mapumziko siku hiyo, anafua. Alimwona amesimama mlangoni, sare safi, kofia mkononi, akadhani ni homa.

"Kuna tundu kwenye uzio," alisema mumewe. "Karibu na ile kona. Watu hupita hapo kukatisha."

"Kaa kwanza, baba."

"Alikuwa amebeba mfuko wa vitunguu. Alikwisha vuka. Umenisikia? Alikwisha vuka. Halafu ndala ikamtoka, ikabaki katikati ya reli. Akarudi kuifuata." Aliigeuza kofia mkononi. "Akainama. Nilipovuta breki alikuwa bado ameinama. Nilikuwa na muda mrefu sana wa kumtazama. Kisha akainua kichwa, akaniona."

Hakulisimulia tena jambo hilo, si kwake wala kwa binti yao aliyekuwa anasoma mji mwingine. Uchunguzi ulimwondolea lawama: mwendo ulikuwa sahihi, breki ilivutwa kwa wakati, honi ilipigwa. Walimpa likizo, wakampa na mtu wa kuzungumza naye. Alipokwisha rudi kazini aliendesha vizuri mpaka alipoikaribia ile kona. Hapo akapunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka treni yenye uwanja mzima wa mpira ikawa inatembea kama jeneza mabegani mwa watu. Nyuma yake treni nyingine zilijipanga foleni. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Tundu lilikuwa limekwisha zibwa, lakini lililokuwa wazi halikuwa kwenye uzio. Mwishowe walimshusha.

Ndipo Mama Kengele alipopata wazo lake. Wakati huo alikuwa amepandishwa kuwa mkufunzi wa madereva wapya.

"Njoo kwangu," alimwambia. "Treni yangu inasimama, baba. Mtu akiinama, unasimama. Unamsubiri aokote kitu chake, mnaagana, unaondoka."

Mumewe alimtazama kwa muda. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile uso wake kuonyesha kwamba kuna mtu ndani.

Mkuu wa karakana, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliridhia. "Ila mume kufundishwa na mkewe," alisema akitikisa kichwa, "mtagombana mpaka treni ishuke itembee kwa miguu."

Hawakugombana. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa.

Wakufunzi wa treni nyepesi wana msemo wanaopokezana: mkono ukae kwenye mwendo, macho ndiyo yakae kwenye breki. Maana yake ni kwamba dereva huona hatari mapema, akapunguza taratibu, na breki ya dharura huiacha ilale. Breki ile inaokoa aliye nje, lakini ndani kuna watu waliosimama, wazee, wenye watoto mgongoni, na treni ikisimama ghafla wao hawasimami. Mama Kengele aliwafundisha vijana wote msemo huo kwa ukali. Mwanafunzi akigusa breki bila sababu alimpiga kofi jepesi kwenye kiwiko na kusema, "Achia! Unaogopa kivuli chako?"

Siku ya kwanza ya mumewe, mpira wa watoto ulidundadunda mpaka barabarani. Baba Nyati akasimamisha treni. Mtoto akaja, akauchukua mpira, akawapungia mkono, akakimbia. Mabega ya mumewe yalitikisika, na mkewe akaona kwamba analia.

"Umeona?" alimnong'oneza kutoka kwenye kiti cha mkufunzi nyuma yake. "Umesimama."

Siku zilizofuata alisimama kwa mbwa. Alisimama kwa mwanamke aliyekuwa bado kwenye ukingo wa barabara, anatafuta kitu mkobani. Alisimama kwa karatasi iliyopeperushwa na upepo. Kila mara mkewe alimwambia, "Umeona? Umesimama," kwa sababu kila mara aliiona ile shingo iliyokakamaa ikilegea kidogo. Aliuona pia mkono wake, ulivyokaa kwenye breki tangu kituo cha kwanza hadi cha mwisho, usibanduke. Angekuwa mwanafunzi mwingine, kiwiko chake kingekuwa chekundu.

Abiria hawakuwa na subira ya mke.

"Dereva, hilo jani limekwisha vuka?" aliuliza mmoja kwa sauti.

"Mwache, pole pole ndiyo mwendo," mwingine akatetea.

"Mwendo upi? Ngojangoja huumiza matumbo, na mimi nina mkutano!"

"Shuka basi uitangulie. Utafika, utaikuta bado inamwamkia paka."

Watu walicheka. Baba Nyati naye alitabasamu kidogo, na mkewe akajipa moyo. Alijiambia kwamba mwezi mmoja mwingine ungemrudisha mumewe mezani, na ugomvi wao ungerudi pamoja naye.

Ilitokea adhuhuri, kwenye mtaa wa maduka ya nguo. Treni ilikuwa imejaa lakini haikuwa inakimbia. Mbele ya duka moja msichana muuzaji alikuwa anatundika magauni nje, kando kabisa, nyuma ya ukingo wa barabara. Gauni moja lilimponyoka. Msichana akainama kuliokota.

Mama Kengele alimwona, na aliona pia kwamba hakuna hatari yoyote. Alikuwa na muda wa kusema "achia". Neno lilifika mdomoni. Lakini alikuwa amekaa wiki nyingi bila kulisema, na lilichelewa.

Breki za sumaku ziliuma reli. Treni ilisimama kana kwamba imegonga ukuta. Nyuma ya mlango wa chumba cha dereva kulisikika kishindo kizito, kama cha magunia yanayoporomoka ghalani, kisha kimya, kisha sauti za watu. Nje, msichana alinyooka, akakung'uta vumbi kwenye gauni, akalitundika. Hakugeuka hata kutazama. Hakuwahi kujua kwamba siku ile kuna treni ilisimama kwa ajili yake.

Baba Nyati alikuwa anamtazama msichana kupitia kioo cha mbele. Uso wa mumewe, ulivyoakisiwa kwenye kioo hicho, ulikuwa umejaa nuru, kama wa mtu aliyerudishiwa kitu alichoporwa.

"Nimesimama," alisema. "Mke wangu, umeona? Nimesimama."

Nyuma yao mzee mmoja alikuwa analia kwa sauti nyembamba ya kitoto. Alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, amekwenda kununua vifungo. Nyonga yake ilikuwa imevunjika, na vifungo vilikuwa vimetapakaa sakafuni hadi mlangoni.

Mama Kengele alimgusa mumewe begani. "Geuka, baba," alimwambia. Aligeuka akaona, na ile nuru ikazimika mbele ya macho ya mkewe.

Mkuu wa karakana aliwaita wote wawili ofisini kwake siku iliyofuata. Feni iligeuka juu yao ikilalamika. Baba Nyati aliketi, kofia juu ya goti.

"Mama, wewe ndiye mkufunzi," mkuu alisema. "Kisheria neno ni lako. Ukisema aongezewe mafunzo, namwongezea, na hapa hakuna atakayekunyooshea kidole. Ukisema hafai, basi. Nzito ameshindwa. Akishindwa na nyepesi, hatashika treni tena maisha yake."

"Niongezee muda," Baba Nyati alisema. Hakumtazama mkuu. Alimtazama mkewe. "Nitajifunza kuachia. Nipige hata rungu kwenye kiwiko kama unavyowapiga wale vijana. Nipige tu."

Mama Kengele alimfahamu mtu huyu kwa harufu ya sare yake na mdundo wa hatua zake ngazini. Alijua kwamba bila treni angekuwa kama nyumba iliyong'olewa boriti. Alijua pia alichokiona kwenye kioo cha mbele: furaha ile. Mtu aliyeogopa hufundishika. Lakini mtu aliyepata dawa ya moyo wake kwenye kishikio cha breki ataivuta tena, na tena, na ndani ya treni daima kutakuwa na mzee aliyesimama.

"Mkuu, kosa ni langu," alisema. "Nilimsifia aliposimama. Kila mara nilimsifia. Mwanafunzi mwingine ningemkemea."

"Nimekusikia, na lako tutalizungumza siku nyingine. Swali ni kama anafaa kuendesha."

Feni iligeuka. Baba Nyati aliacha kupumua. Mkewe alilisikia hilo.

"Hafai," alisema Mama Kengele.

Mumewe aliinuka taratibu. Akaiweka kofia mezani kwa mkuu, akaigeuza ili nembo itazame mbele, akatoka.

Hakuwa na hasira. Hasira ingekuwa na mlango wa kuingilia. Nyumbani alikunja nguo zake, akasema anakwenda kwa dada yake kwa siku chache kupunga hewa. Siku chache zikazaa wenzao. Mama Kengele alipika kwa wawili, akala nusu, na jirani wa ukuta mmoja akamwuliza kwa upole kama wote ni wazima.

Ilikuwa Jumapili alipoamua kwenda. Wifi yake alikuwa dobi, nyumba yake ikitazamana na barabara kuu, na kamba za mashuka ya watu zilijaza uwanja wote. Alimkuta mlangoni, mikono kiunoni.

"Karibu, mkaguzi wa waume," alisema wifi.

"Wifi, sikuja kugombana."

"Nani kasema kugombana? Ningetaka ugomvi ningekutilia chumvi kwenye chai. Kaa." Kisha, kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye mlango wa ndani, "Anapiga pasi kutwa. Mashati yangu hayajawahi kunyooka namna ile. Hali vizuri. Hasemi. Jana nimemtania nikasema nitamwajiri kabisa, akaniambia asante. Asante, wifi! Kaka yangu, ambaye nikimtania zamani alikuwa ananirudishia mara tatu!"

Baba Nyati alitokea, amepungua, mikono imenyauka kwa mvuke. Wifi akajifanya ana nguo za kuanua.

"Yule mzee anatembea?" ndilo neno lake la kwanza.

"Anatembea na magongo. Nilimtembelea juzi. Anakusalimu."

"Ananisalimu mimi?"

"Ndivyo alivyosema. Anasema na yeye katika ujana wake alishona suruali ya bwana harusi mguu mmoja mfupi."

Mdomo wa mumewe ulikaribia kucheka, ukaahirisha. Walikaa. Shuka moja jeupe lilijaa upepo kati yao na barabara, likashuka.

"Ulifanya sawa," alisema. "Nimelifikiria sana nikipiga pasi. Ningekuwa mimi kwenye kiti chako, ningesema hivyo hivyo. Labda ningesema mapema zaidi."

"Basi twende nyumbani."

Alitikisa kichwa. "Asubuhi utavaa sare. Utakunywa chai, utaondoka. Na mimi nitakuwa mlangoni nakutazama unakwenda mahali ambapo wewe mwenyewe ulisema sifai. Ulisema kweli, mke wangu. Lakini sasa kweli hiyo ina sura yako. Nikikuangalia, naiona yenyewe kwanza, halafu ndiyo nakuona wewe."

"Nitaacha kazi."

"Uache? Halafu tuwe wawili wa kupiga pasi? Na yule bibi wa sufuria nani atamshusha mlangoni?"

Mama Kengele alikuwa amekuja na maneno mengi aliyoyapanga njiani, na sasa kila alilolishika liligeuka kuwa dogo. Alilia bila kujificha, na mumewe akamshika mkono, akaushika kwa upole wa zamani, na upole huo ndio uliomwambia kwamba hatarudi.

Alipoaga, Baba Nyati alimsindikiza hadi ukingo wa barabara kuu. Kituo kilikuwa ng'ambo. Walisimama bega kwa bega, mkono wake ndani ya mkono wa mumewe, wakisubiri magari yapungue.

Yalipungua. Barabara ikawa nyeupe kulia na kushoto. Mama Kengele akanyanyua mguu, lakini mkono haukumfuata. Lori likaja, likapita, barabara ikatulia tena. Mumewe hakusogea. Macho yake yalikuwa yameganda pale katikati ya lami, mahali ambapo mtu angekuwa akivuka, na vidole vyake vilikaza mpaka pete ikamuuma.

"Bado," alisema. "Ngoja kidogo."

Barabara ilikuwa tupu kabisa.

"Hakuna kitu, baba."

"Najua. Ngoja tu."

Alingoja. Magari yakaja, yakaisha, yakaja tena, yakaisha. Aliangalia uso wa mumewe, jasho likimtiririka kando ya sikio, akafahamu kwamba mumewe angeweza kumshikilia hapo hadi jua lizame, kwa mapenzi matupu. Wa kuachia ilibidi awe yeye.

Alianza kuvibandua vidole vya mumewe, kidole kidogo kwanza, kisha kilichofuata, taratibu, kama mama anayemlaza mtoto aliyemsinzilia kifuani. Kidole cha mwisho kilipotoka, mumewe alitoa sauti ndogo kooni. Mama Kengele alitazama kulia, akatazama kushoto, akavuka.

Alipofika ng'ambo aligeuka. Mumewe alikuwa bado amesimama pale pale, mkono umenyooshwa mbele, vidole vimejikunja kuzunguka hewa.